Mechi Sabini na Moja kwa Jina la Dada

14 Januari

Kwako Kiroboto,

Salamu zikukute umevaa soksi mbili mbili, maana nasikia huko baridi haina adabu. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Juzi kamfukuza fundi bomba kwa sababu aliingia jikoni na viatu. Bomba bado linavuja. Binti yangu kashika nafasi ya nne darasani, na anatangaza kwamba angeshika ya kwanza kama Mama Mdogo wake asingecheza mpira siku ya mtihani wa hesabu. Kwa hiyo ujue una kesi huku.

Shuleni walitufundisha kwamba baada ya salamu mtu aseme dhumuni la barua. Mimi dhumuni nimelizunguka siku tatu. Haya.

Nimechaguliwa. Ile kozi ya watoto njiti, ya mwaka mzima, nje ya nchi. Waliomba watu zaidi ya mia mbili, wamechukua wakunga sita, na mmoja ni mimi. Daktari mkuu alinisomea barua mbele ya wodi nzima ya wazazi, nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza ili wasinione ninavyolia. Unajua ni watoto wangapi wa kilo moja nimewabeba nikiwa sina la kufanya isipokuwa kuwapa joto la kifua changu. Kozi inaanza Septemba. Lakini hadi tarehe thelathini Juni wawe wamepata namba yangu ya pasipoti, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Nikaenda ofisi ya pasipoti. Pale kuna viti vya chuma vilivyoungwa pamoja, mmoja akitikisa mguu safu nzima inatikisika. Nimetikiswa kwa muda wa saa tatu. Zamu yangu ilipofika, karani, mwanamume wa makamo mwenye kikohozi, akachukua alama za vidole vyangu, akaandika namba ya cheti cha kuzaliwa kutoka kwenye nakala yangu, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akairudia kompyuta.

"Mama, mtu huyu pasipoti anayo. Anayotumia sasa ni ya tatu."

"Mtu gani?"

"Wewe."

Kisha akaanza kucheka, akawaita wenzake wawili. Akawaambia huyu dada anasema yeye ndiye yule kiungo wetu wa timu ya taifa. Mmoja akasema basi apige danadana tuone.

Nilicheka nao. Nikasema nimekosea namba, nikakusanya fomu zangu, nikatoka pale mbio mbio kama niliyeiba kuku.

Sikulaumu, nakueleza tu. Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu ya nyumbani anaipokea Mama, na ya kwangu anaisikiliza. Niandikie.

Dada yako

22 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimefurahi kusikia Mama bado anafukuza mafundi. Namtumia dawa ya kuchua, ile tunayopakwa sisi, aipake asubuhi na asioshe goti kwa saa mbili. Inanuka, mwambie avumilie. Binti yako namtumia soksi za klabu, ndiyo fidia ya mtihani.

Huku baridi imekaa. Naishi ghorofa ya nne, jirani yangu wa upande wa kulia anafanya mazoezi ya tarumbeta, wa kushoto hasalimii mtu. Uwanja wa mazoezi asubuhi unakuwa mgumu kama sakafu, ukianguka unajuta. Wiki iliyopita tulipimwa mbio na mimi nikawa wa tatu kati ya wachezaji ishirini na wanne, wengi wao wasichana wa miaka ishirini. Daktari wa klabu aliangalia saa yake mara mbili.

Nakwambia hayo kwa sababu ya hili: wameniacha. Kikosi cha mechi za kufuzu kimetoka na simo. Kocha wa taifa kanipigia mwenyewe, kwa sauti ile ya mtu anayepeleka habari za msiba. "Una thelathini na tatu sasa, tunahitaji miguu michanga." Nafasi yangu kapewa msichana wa miaka kumi na tisa ambaye akipokea mpira hajui kugeuka, anaurudisha tu alikotoka. Kumi na tisa. Mimi nimeshika katikati ya uwanja ule tangu yeye ana miaka mitatu.

Thelathini na moja, Dada. Wewe ndiye shahidi, ulikuwepo nikizaliwa. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nimekaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. Hasira niliyonayo naweza kuvunja mlango.

Hongera sana kwa kozi. Lile la pasipoti naomba tuliache kwanza hadi mechi za kufuzu ziishe Juni, watu wasije wakaanza kuchimba. Subiri kidogo, nitatafuta njia.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Dawa imefika. Goti la Mama limepata nafuu, sasa anapanda ngazi kwenda kugombana na jirani wa juu bila kupumzika katikati. Asante kwa niaba yake. Kwa niaba ya jirani siwezi kusema. Binti analala na zile soksi.

Sasa nikwambie. Umeniandikia kurasa tatu. Wa kwanza baridi na tarumbeta, wa pili kocha, wa tatu yule msichana asiyejua kugeuka. Mimi nimepata mistari miwili mwishoni, pale ambapo watu huandika "nisalimie paka".

"Subiri kidogo." Kiroboto, kusubiri nimekuanza zamani. Hatujawahi kuyazungumza haya hata siku moja, basi leo nayasema, na wewe kaa chini.

Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, wewe kumi na tano. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha uuguzi. Asubuhi ya kwenda kujiandikisha nikafungua lile sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama. Vyeti vyangu vya shule vipo. Cheti chako cha kuzaliwa kipo. Changu hakipo. Nikamuuliza Mama, alikuwa anasugua sufuria. Akasema bila kugeuka kwamba mvua ilivuja, kikalowa, akakitupa. Sanduku lilikuwa kavu. Karatasi zote zilikuwa kavu. Nikaenda chuoni hivyo hivyo, mwandikishaji akanirudisha, akasema nirudi mwakani. Mwaka mzima nikafua mashuka ya kituo cha afya. Mashuka ya wodi ya wazazi, unayajua yanavyokuwa.

Alasiri moja niko uani na mabeseni yangu, mlinzi wa geti kafungulia redio, timu ya taifa ya wanawake inacheza. Wewe tuliambiwa umekwenda kambi ya vijana. Mtangazaji akasema ameingia kiungo mpya, binti wa miaka kumi na saba, akataja jina langu. Langu, la baba na la babu, kwa mpangilio. Haikupita robo saa jina langu likafunga goli. Mlinzi akaja mbio kunipa mkono, akasema dada una jina la bahati wewe. Nikamshukuru. Nikarudi kwenye beseni.

Hivyo ndivyo nilivyojua cheti kimekwenda wapi. Sikumwambia Mama kitu, wala wewe. Uliporudi na jezi yako nikakuandalia chai. Mwaka uliofuata nikaingia chuo kwa karatasi ya kiapo na nakala ya cheti kutoka shule ya msingi, karani wa siku zile hakuwa na kompyuta, nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Na nikuulize swali moja ulijibu: kama wamekuacha, unalinda nini?

Dada yako

8 Mei

Dada,

Shikamoo. Ningeweza kukudanganya kwamba barua ilichelewa njiani. Ilifika tarehe sita Aprili. Mwezi mzima nimetembea nayo kwenye begi la viatu, kila nikifungua begi naiona, nafunga begi.

Mama aliniambia umekubali.

Alinipa cheti chako kimekunjwa ndani ya gazeti. Shirikisho la mpira lilikuwa linataka wachezaji waliotimiza miaka kumi na saba kwa safari ile, na mimi nilikuwa na kumi na tano. Mama akasema, "Dada yako kasema chukua, yeye hana haraka nacho. Kasema tu usimharibie jina." Nikaamini. Ngoja niseme vizuri: nilitaka kuamini. Kama ulikuwa umekubali, mbona hukunitania? Wewe unayemtania hata daktari mkuu, miaka kumi na sita hukunitania kwa hilo hata mara moja. Hapo ningejua. Sikutaka kujua.

Kwenye basi la kambi, meneja wa timu alinikaririsha tarehe yako ya kuzaliwa mpaka nikaweza kuisema huku natafuna. Siku ya kwanza kocha alipoita jina lako nikageuka nyuma kukutafuta. Tarehe kumi Novemba wenzangu wananiimbia na kunikatia keki, kila mwaka, na mimi nashukuru. Yangu, ishirini na moja Desemba, inapita kama siku ya kufua. Mwaka niliokuibia sikuujua, Dada. Ule mwaka wa mashuka. Nisamehe kwa huo, hata kama mengine hutaweza.

Sasa ya huku. Nimerudishwa kikosini. Kiungo mmoja kavunjika kifundo cha mguu na kocha kakumbuka kwamba miguu mizee ipo. Tarehe kumi na tatu Juni tunacheza ugenini mechi ya mwisho. Tukishinda tunakwenda mashindano ya dunia, timu ya wanawake wa nchi yetu kwa mara ya kwanza tangu iwepo. Nimeingoja mechi hii tangu nina meno ya utoto, karibu.

Nilimwambia Katibu wa shirikisho habari zako. Ni yule yule meneja aliyenikaririsha tarehe, kapanda cheo. Akacheka kidogo. "Mbona rahisi. Cheti cha mdogo si kipo? Dada achukue hicho. Anapungua miaka miwili, mwanamke gani atakataa?" Anasema pasipoti yako itatoka kwa wiki mbili, atasimamia mwenyewe.

Naandika haya nikiona aibu, lakini nayaandika. Ukikubali, unakwenda kozi na mimi nacheza. Umeniuliza nalinda nini. Hii hapa.

Mdogo wako

21 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumepona mafua sote, bomba limepata fundi mwingine aliyevua viatu. Binti ana jino linatikisika na hataki liguswe.

Barua yako nimeisomea mezani kwangu, penye daftari la uzazi. Unajua kazi yangu haiishii mtoto akilia. Kila anayetoka mikononi mwangu, ni mimi ninayejaza fomu yake: siku, saa, uzito, jina la mama. Karatasi hiyo ndiyo inayokwenda kuwa cheti. Mwaka jana kuna mzazi alinibembeleza nisogeze mwanawe siku mbili mbele, ashirikiane siku ya kuzaliwa na bibi yake. Siku mbili tu. Nilikataa, akaondoka bila kuniaga. Sasa Katibu wako anataka nijisogeze mimi miaka miwili. Mwambie hapana. Mwambie mkunga kasema hapana, na akitaka kujua alizaliwa lini yeye mwenyewe aje nimtafutie.

Leseni yangu ya ukunga ina jina gani? Cheti cha binti yangu kimeandikwa mama yake nani? Nikiwa wewe, yeye ni mtoto wa nani? Watu wawili mnapanga kwenye simu nibadilike kuwa mtu mwingine, na mnaona mmenipa zawadi kwa sababu nitapungua miaka. Nimekasirika na wewe, na naomba usijaribu kunichekesha kwenye barua inayofuata.

Nimemuuliza Mama. Safari hii nilimtoa jikoni, nikamkalisha kwenye kiti, nikafunga mlango. Nilitegemea atakana. Hakukana. Akasema, "Ningekuomba ungekataa." Ni kweli. Nilikuwa na chuo changu mbele, ningekataa, na wewe usingepanda basi lile. Akasema tena, "Nimekukosea. Na ningefanya hivyo hivyo." Nimezaa mwana mmoja tu, sijui ningefanyaje na wawili. Lakini sijamsamehe bado, tunasalimiana tu.

Sasa nisikilize. Wewe kacheze. Mimi tarehe kumi na sita Juni nakwenda ofisi ya pasipoti na karatasi zangu zote, nawaambia mimi ni nani na yule kwenye kompyuta yao ni nani. Nimekuachia siku tatu baada ya mechi, kwa ajili yako tu. Ya nne usiniombe.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Shikamoo. Sikuchekeshi. Najua utakuwa umeshasikia redioni, lakini redio haikukwambia yote.

Hukuwahi kucheza mpira, ndiyo maana ukanipa siku tatu ukadhani umenifaa. Ngoja nikueleze kanuni moja. Timu ikimchezesha mtu mwenye karatasi zisizo zake, halafu ikajulikana, ushindi unafutwa na wanapewa wapinzani. Mechi za mwaka huu sikucheza hata moja kwa sababu waliniona mzee, kwa hiyo timu ilikuwa safi. Ningecheza hii, tukashinda, wewe ukasema kweli tarehe kumi na sita, wenzangu ishirini na wawili wangenyang'anywa safari mdomoni. Kwa jina langu. Yaani kwa jina lako.

Barua yako niliipata siku moja kabla ya kwenda kambini. Nimepiga mazoezi siku nne nikiibeba kichwani. Nilikuwa na njia mbili: kukuandikia tena "subiri", au kusema mwenyewe, mapema. Na nikwambie ukweli, siku mbili za kwanza nilikuwa naitunga ile ya "subiri".

Tarehe kumi na mbili asubuhi, baada ya chai, niliwakusanya wenzangu kwenye chumba cha kuchuliwa misuli nikawaambia. Hakuna aliyenitukana. Yule msichana wa miaka kumi na tisa alilia, akasema basi acha mimi nisicheze ucheze wewe, sijui alifikiri itasaidia nini. Kisha nikaenda kwa Katibu. Akasema nikifungua mdomo sitavaa tena jezi ile maishani. Nikamwambia nimesikia.

Saa nane mchana tukapelekwa kwa waandishi wa habari. Ukumbi wa hoteli, meza ndefu ina kitambaa cha kijani, chupa za maji zimepangwa. Kocha huku, mimi huku. Mtangazaji mmoja mwenye sauti nzito akaniuliza, "Una miaka thelathini na tatu. Huoni ni wakati wa kuwaachia vijana?"

Nikasema nina thelathini na moja.

Wakacheka. Walidhani ni ule utani wa wanawake na umri. Nikawaacha wacheke mpaka mwisho, nikarudia, halafu nikaeleza: cheti cha nani, tarehe ya nani, mwaka gani. Nikasema nilikuwa na miaka kumi na tano na nilijua ninachofanya, na dada yangu hakuulizwa. Katibu alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango ananipungia mkono nikate. Nikamtaja kwa cheo chake, nikasema ndiye aliyenikaririsha. Kocha alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akanong'ona, "Kama una thelathini na moja, mbona hukusema Februari? Nisingekuacha." Nilitamani nimpige na ile chupa ya maji.

Mechi niliangalia jukwaani, nimevaa koti la mvua, kati ya mashabiki wa wapinzani. Dakika ya sabini na nane yule msichana alipokea mpira mgongo wake ukiwa umeelekea goli. Akageuka. Dada, aligeuka vizuri kuliko nilivyowahi kugeuka mimi, akapiga, moja bila. Tumekwenda mashindano ya dunia. Nilishangilia peke yangu katikati ya watu walionuna, kisha nikakaa nikalia, na haikuwa furaha peke yake. Ile ilikuwa mechi yangu. Usinipe pole, sitaki. Nina hasira na nitakuwa nayo kwa muda.

Bahasha hii anakuletea mwenzangu mmoja, timu inarudi nyumbani kesho. Ndani kuna hati ya kiapo, imepigwa muhuri na wakili wa huku, yenye alama za vidole vyangu vyote kumi. Mpe yule karani mwenye kikohozi.

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Hatujambo. Jino limetoka lenyewe, kalimeza na mkate.

Pole sikupi. Nilikuwa wodini nampima mzazi wakati redio inasema, nikamwambia samahani, nimepoteza hesabu, naanza upya. Akaniuliza kama kuna tatizo kwa mtoto. Nikamwambia mtoto hana tatizo lolote, tatizo ni mdogo wangu. Nimetembea wiki nzima nimeinua kichwa. Nilikukasirikia kweli, na kilichobaki cha hasira hiyo hakitoshi kujaza kijiko.

Pasipoti nimeipata. Haikuwa rahisi, nimekwenda mara nne. Karani alinikumbuka: "Yule mama wa danadana." Alisoma hati yako mara mbili, akakohoa, akaiita ofisi nzima, na safari hii hakuna aliyecheka. Ilitoka tarehe ishirini na saba Juni, nikapeleka namba siku hiyo hiyo. Nasafiri tarehe mbili Septemba.

Katibu amesema redioni hakumbuki chochote. Mama ndiye anayekumbuka. Jirani wa juu alishuka na maneno yake, eti familia yetu imeaibika. Mama akamjibu palepale kwenye ngazi, "Wangu kaichezea nchi mechi sabini na moja. Wako kacheza ngapi?" Hajashuka tena. Mimi na Mama sasa tunakula meza moja na tunazungumza habari za chakula na za mjukuu. Juzi katoa cheti chako sandukuni, akakifuta kwa kanga yake, akaniambia nikitume. Kimo humu.

Sasa sikia walichofanya. Shirikisho limetangaza kwamba litafuta zile mechi zako, zote, kwa sababu aliyeandikwa si aliyecheza. Nimekaa nikafikiri. Aliyeandikwa ni mimi. Kwa karatasi zao, mimi ndiye niliyeichezea nchi mara sabini na moja na kufunga magoli kumi na mawili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naridhia kufutwa. Basi nimewaandikia. Nimesema mimi, mwenye jina hilo, sikubali mechi zangu zifutwe; nataka zihamishiwe kwa mdogo wangu, aliyezaliwa tarehe ishirini na moja Desemba, na kwamba siku anazaliwa nilikuwepo mlangoni nikiwa na miaka miwili, Mama ni shahidi. Nimeweka sahihi, nimeweka namba ya leseni ya ukunga, na nimepiga muhuri wa wodi ya wazazi. Sijui kama muhuri ule unaruhusiwa. Nimeupiga.

Dada yako

24 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nataka barua hii ikukute kabla hujaondoka, ndiyo maana naituma kwa posta ya haraka na mwandiko unakimbia. Beba nguo nzito. Unazodhani ni nzito si nzito. Mwambie binti yako avumilie ukali wa Bibi, nitampigia kila Jumapili mpaka urudi.

Kamati imekaa. Nilihudhuria kwa simu, watu saba kwenye kioo, mmoja alikuwa anakula. Barua yako ilisomwa kwa sauti. Walipofika kwenye muhuri wa wodi ya wazazi mwenyekiti aliomba aoneshwe, ukazungushwa mezani. Wakabishana saa nzima. Mechi zimebaki, Dada. Sabini na moja, kwa jina langu, na maelezo mafupi chini yake. Mpaka leo sijazoea kuliona jina lile pale. Nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Klabu haijanifukuza. Mwenyekiti wao alisema mchezaji anayepungua miaka miwili ni jambo ambalo hajawahi kuliona kwenye biashara hii, akaniongezea mkataba kabla sijabadili mawazo. Nilimwonesha cheti changu, akauliza kama nina kingine cha chini zaidi.

Lakini timu ya taifa wamenifungia. Miaka miwili. Mashindano ya dunia nitayaona kwenye televisheni, na yule msichana kaniomba tuzungumze kila baada ya mechi nimwambie alipokosea. Nitamwambia, tena sitambembeleza. Inaniuma, sitakudanganya. Kuna siku naamka nimesahau, halafu nakumbuka.

Jana yule mtangazaji mwenye sauti nzito alinipigia. Akaniuliza, kwa upole safari hii, kama sasa natangaza kustaafu. Nikamwambia achukue kalamu apige hesabu. Siku adhabu inaisha nitakuwa na miaka mingapi? Akahesabu, nikamsikia anavyohesabu. "Thelathini na tatu," akasema, kisha akauliza, "Si ndio umri ule ule uliofanya wakuache?"

Ndiyo huo. Nikamwambia amwandikie kocha hivi: miaka thelathini na tatu nimeshawahi kuwa nayo, na haikunipunguza mwendo.

Mdogo wako